Yah: Betri ya Drili Inayozuia Nyumba Yangu Isiezekwe

Sabina wa Silvanus (mama Doreen),
Kitongoji cha Bondeni,
Buger, Karatu.
Jumatano, mawingu yakiwa yameshakaa vibaya.

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Kitongoji, Bwana Josephati, baba Eunike, popote barua hii itakapokukuta, iwe ofisini au shambani kwenye palizi,

Basi nikawa nakuambia pale kwenye mashine ya kusaga, kabla hawajakuita ukaamue ile kesi ya mbuzi aliyekula daftari la mwalimu, kwamba Silvanus alikuwa ameshashusha bati la nane. Ukaniambia, "Mama Doreen, leta kwa maandishi, halafu uweke namba." Ukakimbia. Mimi nimebaki na maneno mdomoni tangu jana, hata chai haipiti vizuri. Kwa hiyo naendelea pale pale tulipoishia, na namba nitaweka.

Akashusha la tisa, akashusha la kumi, mpaka la kumi na mbili. Chumba cha kulala na sebule, yote wazi kabla ya chai ya saa nne. Si unakumbuka upepo wa mwaka jana ulivyotubebea mabati mawili mpaka kwa Valeriani, naye akajengea banda la kuku, mpaka leo tukikutana ananisalimia huku anatembea? Sasa Silvanus akaapa kwamba misumari imemdanganya vya kutosha. Safari hii mabati yatakaa kwa skrubu, zile zenye kampira, na skrubu zitaingizwa kwa drili ya betri aliyoipata kwa fundi wa lodge moja huko juu, njia ya kwenda geti la hifadhi. Sawa. Nikasema mume wangu ana akili, nikawaambia na watu. Akapanda ngazi, akalaza bati la kwanza. Skrubu ya kwanza ngriii. Ya pili ngriii. Ya tatu ngri, kimya. Betri imekufa.

Hiyo ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyopita. Tangu siku hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nyumba yangu nusu ni nyumba na nusu ni uwanja. Mimi sitaki makubwa. Nataka mabati yarudi juu kabla mvua haijashuka, basi. Lakini kuna betri katikati, na malalamiko yangu juu ya hiyo betri ni haya yafuatayo:

1. Jiko langu limetwaliwa.

Silvanus alipofungua lile kasha la betri akakuta ndani si kitu kimoja. Kuna vibetri kumi, vya mviringo kama vya tochi lakini vinene kidogo, vimeshikanishwa kwa vibati vyembamba. Mimi miaka yote najua betri ni betri. Kumbe ni ukoo mzima unaishi mle! Sasa wanne walikuwa wameshakufa, wengine wanapumua kwa shida. Nikamwambia nenda mjini Karatu kanunue nyingine. Akaniangalia kama nimemwambia amuuze mama yake. Akasema hii inafufuka, atatoa vibetri kwenye kompyuta mbovu walizompa kule lodge, avilehemu humu.

Kulehemu kunataka moto, na umeme huku bondeni haujafika. Kwa hiyo chuma chake cha kulehemu, kile chenye kichwa cha shaba, kinapashwa kwenye jiko langu la mkaa. Asubuhi chuma, mchana chuma. Nikibandika sufuria anaiteremsha kwa adabu kabisa: "Subiri kidogo mama Doreen, chuma kinakaribia kuiva." Makande ya Jumanne tuliyala Jumatano. Yalikuwa matamu, sikatai, lakini yalikuwa ya Jumanne.

2. Vibetri vinalala pazuri kuliko mimi.

Vile vya kwenye kompyuta vilikuwa ishirini na nne. Vinatakiwa kumi tu. Silvanus akasema hapana, hawachukuliwi ovyo, lazima wapimwe mmoja mmoja kwa mita, waandikwe namba, halafu waachwe siku tatu kuona nani ameshikilia nguvu zake na nani ameshuka kimyakimya. Namba ameziandika kwa wanja wangu, ule alioniletea Doreen. Na kwa sababu umande hawautaki, vimepangwa juu ya godoro letu, chini ya yale mabati machache yaliyobaki upande wa stoo. Sisi wawili tunalala jikoni na kuku.

Baada ya siku tatu akaanza kuwaunganisha wawili wawili. Mwenye nguvu na mwenye nguvu mwenzake, maana akisema ukimchanganya mzima na mchovu, mchovu atamvuta mzima wazimike wote. Nikamwambia, Silvanus, mbona sisi wakati wa kuoana hatukupimwa hivyo? Akajibu bila kuinua kichwa, "Ndiyo maana saa mbili mimi nimeshazima, wewe unaongea mpaka saa nne." Haya. Hilo nalo naomba liingie kwenye kumbukumbu za ofisi.

3. Namba tatu nilikuwa nimeiandika, nikaifuta, kwa sababu inamhusu mama yake Silvanus na barua hii unaweza kuisoma hadharani. Tukikutana nitakuambia. Ni mambo mazito kidogo.

4. Ubani.

Hapa naomba ukae chini. Kulehemu kuna dawa yake, bila hiyo ule waya laini unaoyeyuka haushiki, unajikunja kama shanga unadondoka. Dawa ya dukani ikaisha Alhamisi. Sasa siku hiyo alikuwa amepita Kimaren, yule rafiki yake wa Malambo anayekuja na mbuzi mnadani, akasema utomvu wowote wa mti unaoyeyuka utafaa, akamwachia mfuko wa ubani. Ubani huu huu, baba Eunike, wa kanisani. Silvanus akajaribu. Ikashika! Akafurahi kama amegundua kisima.

Ijumaa mchana akawa anaweka tone la ubani, anagusa chuma, moshi unapanda. Na kwa kuwa juu hakuna bati, moshi ukaenda wima kama mnara, halafu ukasambaa bondeni kote. Sasa fikiria mtu yuko shambani kwake ananusa ubani saa nane mchana Ijumaa. Anainua macho, anaona nyumba ya Silvanus imeezuliwa, inafuka. Atafikiri nini?

Wa kwanza kufika ni Katarina, kiongozi wa jumuiya yetu. Na unajua Katarina haulizi kafa nani akiwa njiani. Kwetu unalia kwanza, jina utalipewa ndani. Akaanza kulia kule kwenye mkonge. Mimi nikatoka, kanga kiunoni, macho mekundu kwa ule moshi, machozi yananitiririka. Akanikumbatia. Nikamwambia, Katarina, hakuna aliyekufa. Akawageukia wenzake akasema, "Maskini, bado hajakubali."

Kufika saa tisa walikuwa watu thelathini na kitu. Wengine na kuni, wengine na unga, mmoja na debe la maziwa. Nikisema hakuna msiba, wananipapasa mgongo. Silvanus akatoka jikoni uso mweusi kwa masizi, mama mmoja akapiga yowe akakaa chini. Wakamwuliza, "Silvanus, kumbe si wewe uliyekufa?" Akasema si yeye, ila naomba msiniangushie benchi, nimeacha kitu cha moto. Akarudi ndani. Wakaona mwanaume huyu amechanganyikiwa kwa uchungu. Wakaanza rozari.

Mtu akishaanza rozari nyumbani kwako utamkatisha na nini? Nikapika chai. Sukari ikaisha. Jumapili alipolehemu jozi ya tatu wakaja wa kitongoji cha juu, wale upepo ulikuwa haujawafikia Ijumaa. Na wao nikawapikia chai, ya chumvi. Wakasema huyu mama ana uchungu mpaka ameweka chumvi.

5. Kimaren kumdhihaki fundi wakati wa kazi.

Jumatatu Kimaren akarudi kutoka mnadani. Akakaa kwenye kigoda na fimbo yake, akamtazama Silvanus anavyolehemu. Silvanus akishika chuma hashiki, anakilaza pale kama anapiga pasi suruali, mpaka kile kibetri kinapata moto huwezi kukigusa. Kimaren akatazama wa kwanza, akatazama wa pili, akasema, "Rafiki, huyu ndama unampiga chapa au unamchoma nyama?" Yaani nilicheka mpaka nikakaa. Akaendelea, kwao chuma kinakuwa chekundu kabisa, mtu anagusa, anatoa, ndama anaruka anaenda kunyonya. Ukichelewa huna chapa tena, una kidonda. "Na huyu wako hawezi hata kulia akuambie inatosha."

Silvanus akanuna. Nusu siku hakugusa kazi, na mawingu yanajaa. Baadaye akaanza kujizoeza kupiga chapa: kusugua kwa msasa, ubani, gusa, toa. Hakujizoeza kwenye vibetri, alijizoeza kwenye vijiko vyangu. Sasa nina kijiko kimoja chenye vichwa viwili. Ukikoroga chai, kichwa kingine kinakukoroga pua.

6. Hatari kwa waombolezaji.

Jana, nikiwa nawe pale mashineni, walikuja wengine sita. (Sijui wa wapi. Mmoja alisema Samunge, lakini huyo nadhani alikuwa anapita tu akasikia harufu ya maziwa.) Nimesimuliwa na Katarina: wamekaa naye kwenye nyasi wanaimba taratibu. Kumbe ndani waya mmoja umegusa mwenzake mahali pasipotakiwa. Kibetri kikaanza kulia sssss, kikavimba. Silvanus akakikamata kwa koleo akatoka mbio: "Pisheni! Pisheni!" Akapita katikati ya wimbo, akaenda akakizika kwenye lundo la mchanga wa ujenzi, akakisindilia kwa koleo la udongo. Kikatoa moshi kidogo, kikanyamaza.

Wale wageni wakatazamana. Katarina akasogea, akaokota jiwe, akaliweka juu ya ule mchanga. Kila mmoja akaweka jiwe. Wakamaliza sala, wakaondoka wameridhika kabisa. Nilipofika nikakuta kaburi uani kwangu, lina hata ua la boga juu.

7. Nyumba yangu imeshakuwa kanisa.

Hapa ndipo naomba utumie akili zako zote za uenyekiti. Nimekaa nikafikiri. Nyumba ambayo watu wanasali siku tatu, ina ubani, ina rozari, na ina kaburi uani, hiyo si nyumba ya mtu tena. Hicho ni kigango. Na kigango hakiwezi kuachwa bila bati mvua ikaja, watu watasema kitongoji hiki hakina heshima. Kwa hiyo ni kazi ya wananchi wote kukiezeka kwa msaragambo, kila kaya itoe mtu na nyundo, na misumari ile ya kawaida inayogongwa.

Tena ikishakuwa kigango, Silvanus kukutwa mle ndani na vibetri juu ya godoro ni kosa. Inabidi atolewe yeye na vibetri vyake. Mimi naweza kubaki kama mtunza funguo. Shida moja tu nimeiona, kwamba kanisani hairuhusiwi kugombana, na mimi bado nina mambo mengi ya kumwambia akirudi. Hilo mtaliangalia kwenye kikao.

Kwa kifupi basi, Ndugu Mwenyekiti, naomba ofisi yako ifanye hivi: uje kesho na wajumbe wawili wenye nguvu, mchukue ile betri pamoja na vibetri vyote, vizima na vigonjwa, mkavifungie kwenye kabati la ofisi. Mumwandikie Silvanus barua yenye muhuri kwamba anaamriwa kushika nyundo. Ubani wote urudishwe Malambo. Akikataa, basi tangazeni kigango, na msaragambo uwe Jumamosi, mimi nitapika. Sukari mje nayo.

Ni mimi raia wako wa bondeni, ninayelala na kuku bila kosa,

Sabina, mama Doreen.

Msalimie mama Eunike, mwambie ile mbegu ya maharage bado nimemwekea. Wasalimie wajumbe wote watano, hata yule anayesinzia kikao kikianza. Salamu kwa mwalimu, pole yake kwa daftari. Na ukimwona Valeriani msalimie taratibu, asisimame.

N.B. Usiisome hii barua kwenye kikao. Nilikuwa nimeshaikunja, nimeifungua tena. Leo ni Alhamisi jioni, naandika nikiwa nje kwenye benchi.

Asubuhi Silvanus alimaliza jozi ya tano. Gusa, toa, gusa, toa, kibetri hakikupata hata joto, Kimaren angekuwepo angemsifia. Akafunga kasha, akaenda kuchajisha dukani kwa Inosenti mwenye sola kubwa. Saa saba akarudi, akapanda ngazi. Mimi nikageuka nisione. Ngriii. Nikasema itanyamaza. Ngriii. Ngriii. Nikageuka. Mabati yote kumi na mawili, baba Eunike, yote yamerudi, na betri ilikuwa bado inanguruma kama imekula. Saa tisa mvua ikashuka, ile nzito. Nilisimama sebuleni nimeinua uso juu hivi, halikunidondokea hata tone. Nililia kidogo. Katarina alikuwa anapita, nikajificha.

Sasa mvua ilipokata Silvanus akaingia kulala, amechoka, akaiacha drili kwenye benchi. Nikasema ngoja niisogeze. Nikabonyeza kidogo tu. Jamani! Mbona hamkuwahi kuniambia? Miaka yote nagonga misumari na kuumia vidole kumbe kuna kitu unabonyeza, skrubu inaingia yenyewe kama imeitwa! Nikajaribu kwenye mguu wa benchi uliokuwa unacheza. Hauchezi. Nikafunga rafu ya jikoni, iliyokuwa inaning'inia tangu Doreen hajazaliwa. Nikafunga banda la kuku. Nikafunga na vile vipande vya bati vilivyobaki, nikavilaza kwenye nyufa za milango kuziba upepo, mlango wa mbele na wa uani, skrubu sita sita, zimeshika utadhani zimeota.

Kwa hiyo futa namba 1, futa 2, 4, 5, 6 na 7. Namba 3 iache, ile ni ya kweli. Wajumbe wasije kuchukua kitu. Betri hii asiguse mtu, ni ya nyumba hii, na nimeshamwagizia Kimaren ubani mwingine, mfuko mkubwa, maana vile vibetri kumi na tatu vilivyobaki, ukitoa yule aliyezikwa, nataka viwe betri yangu mwenyewe. Na kama ofisini kwako kuna kiti au kabati linalolegea, niite tu, wala sihitaji posho.

Pia nilitaka kukuambia kuhusu yule mjumbe anayesinzia, kwamba si kusinzia kule, nimesikia kwa mtu ambaye
ngoja kwanza, Silvanus ananiita. Ameamka, yuko ndani, anagonga. Anasema mlango haufunguki. Anasema na wa uani. Nakuja, baba Doreen! Usisukume, hizo skrubu ni